Jua Haki Zako: Nani Anaamua Mtoto Atafikaje Shuleni?

Tuanze na habari isiyopendeza. Hakuna sheria Tanzania inayoiambia halmashauri: nunua basi, uwapeleke watoto shule. Mzazi wa Nyang'hwale au Ushetu anayesimama mkutanoni na kudai basi "kwa mujibu wa sheria" atakatishwa kauli na mtendaji, na mtendaji atakuwa sahihi. Ila mtendaji huyohuyo akiongeza kwamba safari ya mwanafunzi ni shauri la mzazi peke yake, hapo naye amekosea. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaipa kila mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliyemo katika eneo lake. Basi halikutajwa. Lakini hatari anayokutana nayo mtoto njiani ni kazi ya halmashauri, iwe itaishughulikia kwa bweni, kwa shule shikizi, kwa kivuko au kwa baiskeli.

Na hatari yenyewe inajulikana. Binti wa kidato cha pili anayetembea kilomita nyingi asubuhi na jioni hupata lifti ya bodaboda bure Jumatatu, bure Jumanne, na muhula haujaisha ile "bure" imeshataja bei yake. Tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa la kifungo cha miaka 30. Adhabu hiyo husomwa sana mikutanoni. Umbali uliompandisha binti pikipiki hausemwi sana, kwa kuwa huo una bajeti.

Basi tuizungumzie bajeti, na mahali inapoamuliwa.

Kijijini, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, mkubwa si mwenyekiti. Mkubwa ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18. Mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho juu ya sera za kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio unaoweza kuiondoa. Hufanyika kila baada ya miezi 3, na hapo mapato na matumizi husomwa. Kijiji ambacho mkutano wake wa mwisho watu wanaukumbuka kwa msimu wa pamba uliopita kimenyimwa haki, hata kama mwenyekiti ni mtu mwema na kila mtu anampenda.

Mjini mambo ni tofauti kidogo. Kahama, Shinyanga na Geita mjini wanafuata Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, na mtaa hauna nguvu za kijiji: hautungi sheria ndogo. Kwa hiyo mkazi wa Kahama mjini hana budi kumfuata diwani wake mapema kuliko jirani yake wa Segese, mwenye mkutano wake mwenyewe wa kuamua.

Ombi la usafiri au bweni hupita ngazi tatu. Linaanzia mkutano mkuu, linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, kisha linaingia halmashauri. Huko halmashauri wengi hukimbilia Baraza la Madiwani kwa sababu ndilo lenye ukumbi na majoho. Baraza hukutana kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ingawa hapewi nafasi ya kuchangia. Nenda, hasa siku wanayojadili hoja za Mkaguzi Mkuu, CAG. Lakini shule huwa imeshajadiliwa kabla, kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji, na pesa yake kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Huko hauingii wewe, anaingia diwani wako. Kwa hiyo mpe karatasi ya kuingia nayo.

Karatasi hiyo ni muhtasari wa mkutano wa kijiji. Wazee wetu hawakuhitaji muhtasari. Neno lililosemwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, lilikaa vichwani mwa watu. Halmashauri haina kichwa cha aina hiyo. Mkisema tu "watoto wanapata shida", katibu ataandika "wananchi walilalamikia umbali", na sentensi hiyo haina bei, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye bajeti yoyote. Taka iandikwe: wanafunzi wangapi, kutoka kitongoji gani kwenda shule gani, umbali kiasi gani, korongo lipi hujaa masika, na mkutano umeazimia kuomba nini. Sema "tumeazimia", si "tunaomba mtufikirie". Kabla mkutano haujafungwa, muombe mtendaji alisome azimio kwa sauti. Ana wajibu wa kuandika mlichosema nyinyi, na kulisoma hakumpunguzii kitu.

Kuna suala la majira pia. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya vijiji hukusanywa kati ya Oktoba na Desemba, na mabaraza mengi hupitisha bajeti Januari au Februari. Anayefika na hoja yake Machi anakuta arusi imekwisha, yanakunjwa maturubai.

Halafu kuna pesa ya mgodi, na hapa ndipo watu wa ukanda huu wanapochanganywa zaidi, wakati mwingine kwa makusudi. Mgodi una mifuko miwili inayohusu halmashauri yako, na haifanani.

Wa kwanza ni ushuru wa huduma. Huo ni kodi. Geita wanaijua historia yake vizuri: mgodi wa GGML ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, mkataba wake na serikali uliiruhusu kampuni kuilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka badala ya asilimia ya mauzo. Ilichukua hadi mwaka 2014 kuhamia kwenye asilimia 0.3 ya mauzo, na mapato yakaruka. Ushuru huu ukishalipwa ni mapato ya ndani ya halmashauri kama ushuru wa stendi au wa mazao. Mgodi hauna kauli tena. Madiwani ndio wanaoamua. Ukiambiwa "hayo kaulize mgodini", umeelekezwa nyumba isiyo na mwenyewe.

Wa pili ni CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii, ambao hadi mwaka 2017 ulikuwa hisani: kampuni inajenga inachotaka, inapiga picha, inakata utepe. Hisani hiyo ilileta mambo mazuri, na Sekondari ya Wasichana ya Nyankumbu pale Geita ni ushahidi. Lakini hisani haidaiwi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliingiza kifungu cha 105, na mambo yakageuka. Mwenye leseni ya madini anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa CSR uliokubaliwa kwa pamoja na halmashauri, na halmashauri ndiyo inayoujadili na kuuidhinisha. Huko Geita, kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kiasi kilichozoeleka kutajwa kwa GGML kilikuwa karibu shilingi bilioni 9.2 kwa mwaka. Mwaka 2023 zikaja kanuni mahususi za CSR kwenye madini.

Soma kifungu hicho hadi mwisho, maana mkiani mna haki yako. Kinaitaka halmashauri itengeneze miongozo ya CSR katika eneo lake, isimamie utekelezaji, na iwaelimishe wananchi kuhusu miradi hiyo. Hilo la mwisho ni wajibu wa kisheria. Mkazi wa kijiji jirani na Bulyanhulu, upande wa Msalala, akiuliza mpango wa mwaka huu una nini cha shule, haombi fadhila wala hachochei. Mimi ningekwenda mbali zaidi: kijiji kisicho na azimio lililoandikwa kuhusu umbali wa shule hakina cha kulalamikia pale mpango wa CSR unaponunua taa za barabarani mjini. Kilikuwa na mahali pa kusema, kikanyamaza.

Angalia pia usiilaumu halmashauri kwa kosa lisilo lake. Daraja la barabara ya wilaya likisombwa, mwenye barabara tangu 2017 ni TARURA. Diwani anaweza kupiga kelele, lakini barua yenyewe iende TARURA, nakala kwa mkurugenzi.

Michango. Mara nyingi kikao cha wazazi hukubaliana kila kaya itoe kiasi fulani, tuseme kwa ajili ya mafuta ya gari la kukodi au kumalizia bweni. Hakuna ubaya, majengo mengi ya shule Usukumani yalisimama hivyo. Ubaya huanza mgambo au sungusungu wanapopita na kuondoka na mbuzi wa aliyeshindwa. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo yenye mchango na faini, lakini ipelekwe kwanza kwenye mkutano mkuu, kisha iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Bila hatua hizo mbili, mlichonacho ni makubaliano ya hiari. Hata ikiwepo sheria ndogo halali, mbuzi hachukuliwi kwa kauli ya mtu. Asiyelipa anafikishwa mahakamani. Uliza: sheria ndogo hiyo iko wapi, na ina muhuri wa halmashauri? Ukilipa, dai stakabadhi. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa mchango wa mzazi, kwani elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali imekuwa bila ada tangu Januari 2016.

Kwa wa mjini wenye daladala na haisi, msimamizi ni LATRA. Nauli ya mwanafunzi katika mabasi ya mjini ni shilingi 200, na kondakta anayefunga mlango akiona sare anavunja masharti ya leseni ya gari. Chukua namba ya gari, saa na kituo, upeleke ofisi ya LATRA ya mkoa. Mtoto akipanda gari la shule binafsi, omba kuona leseni ya kusafirisha wanafunzi. Mwenye shule atanuna. Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi lililobeba wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni wakafa watoto 32, walimu 2 na dereva. Acha anune. Na bodaboda ni abiria mmoja. Mshikaki wa watoto watatu ni kosa, hata kama aliyewapakia ni baba yao mdogo.

Sasa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma. Huhitaji wakili wala lugha ya mahakamani. Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji hivi: "Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, 2016, naomba nakala ya mpango wa CSR ulioidhinishwa kwa mwaka huu wa fedha, na maelezo ya hatua iliyofikiwa kuhusu azimio la mkutano mkuu wa kijiji chetu la tarehe fulani." Weka jina, anwani na sahihi. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wakikataa, watoe sababu kwa maandishi, nawe una siku 30 za kumuomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo. Baada yake, rufaa ni kwa Waziri. Ukihisi pesa imeliwa, TAKUKURU hupigiwa bure kwa namba 113. Ukiona umeonewa kiutawala, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila ada.

Mahakama ibaki ya mwisho, maana njia yake imekuwa ndefu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri, au hata kijiji, anatoa kwanza notisi ya siku 90, anamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Asiye na uwezo ana haki ya kuomba msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Pa kuanzia ni ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani, ambako wasaidizi wa kisheria wanafahamika. Na kama unachotaka ni Mahakama Kuu iutengue uamuzi wenyewe wa halmashauri, kibali cha kufungua shauri hilo huombwa ndani ya miezi 6. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku uamuzi ulipofanywa, si tangu siku ulipousikia kijiweni.