Ukweli wa Jukwaani Uufikishe na Nyumbani

Wadogo zangu, swali mnaloniletea mara kwa mara ni hili: "Dada, kazi yangu imeshika, ya mwenzangu imeyumba. Nimsaidieje bila kumvunja moyo?" Leo nitawajibu kwa filamu.

Inaitwa Funny Girl, ya Marekani, mwaka 1968. Ni ya muziki, na inamhusu Fanny Brice, mchekeshaji wa kweli aliyezaliwa New York mwaka 1891 akapata jina kwenye maonyesho ya Ziegfeld Follies. Barbra Streisand ndiye anayemwigiza. Ilikuwa filamu yake ya kwanza, na ikampa tuzo ya Oscar.

Kuna tukio moja nalipenda sana. Fanny anapangiwa aimbe akiwa bibi harusi mrembo kupita wote. Anamwambia bosi wa maonyesho kuwa wimbo huo haumfai, bosi hataki kusikia. Basi anatumbukiza mto ndani ya gauni na kutokea jukwaani na shela lake, tumbo limemtangulia. Ukumbi mzima unaangua kicheko. Bosi anafura kwa hasira, lakini watu wameshampenda. Msichana aliyeambiwa hana sura ya jukwaa kalishika jukwaa kwa kuusema ukweli wake.

Kisha anampenda Nick Arnstein, mcheza kamari mtanashati anayeigizwa na Omar Sharif wa Misri. Fanny anaacha ziara ya kazi na kumfuata hadi kwenye meli. Wanaoana, wanapata mtoto, wanakaa jumba la fahari. Halafu kamari inamgeuka Nick. Pesa zinakauka, jumba linakwenda, huku jina la mke likizidi kupaa.

Hapo ndipo Fanny anapokosea, wadogo zangu. Hamketishi mumewe wakazungumza. Anamtafutia kazi kwa mlango wa nyuma, na mtaji unatoka kwenye mkoba wake mwenyewe. Nick anang'amua. Aibu inamchoma, anajitosa kwenye ulaghai wa hati fungani, anaishia gerezani miezi 18. Kosa la Nick ni la Nick, sitaki mwanamke abebeshwe mzigo huo. Lakini mtazameni Fanny: aliyeweza kusema ukweli mbele ya ukumbi uliojaa, alishindwa kuusema mbele ya mtu mmoja sebuleni kwake.

Tena filamu imempaka Nick rangi nzuri. Nick halisi alikuwa amekwisha kufungwa katika gereza la Sing Sing kabla ya ndoa, na Fanny alikuwa akienda kumwona. Dalili ya mvua ni mawingu. Baadaye kesi ya hati fungani ilipomkumba, Fanny alilipa mawakili. Ndoa ilivunjika mwaka 1927, wakiwa na watoto wawili.

Kwa hiyo nawausia hivi. Kama unataka kumsaidia mwenzako, msaidie mchana kweupe. Kaeni chini, wekeni hesabu mezani: hiki ndicho kilichopo, hili ndilo deni, tufanyeje? Msaada wa siri ukigundulika unageuka dharau, hata kama uliutoa kwa mapenzi. Na kabla ya ndoa, usimpime mtu siku anaposhinda na mfuko umejaa. Mpime siku aliyoshindwa. Je, anakwambia ukweli, au anatafuta njia ya mkato? Wala usiipunguze kazi yako ili mtu aonekane mrefu. Fanny angeacha jukwaa, kamari isingemrudishia Nick hata senti.

Mwisho wa filamu Fanny amesimama peke yake jukwaani, kavaa nguo nyeusi. Anaanza kuimba kwa sauti iliyojaa machozi, kisha sauti inapanda mpaka inaujaza ukumbi. Kila nikimwona pale naumia, kwa sababu ukweli ule wa moyoni angeweza kumwambia Nick mapema, kwa sauti ya chini, wakiwa wawili tu.

Wewe bado una nafasi. Leo jioni, anza mazungumzo.

Dada yenu awapendaye.