Kliniki ya Kibinafsi, Huduma ya Umma: Uliza Kabla ya Kutibiwa

Mtoto akishikwa na homa usiku, mzazi hukimbilia mlango ulio wazi. Mara nyingi ni wa kliniki ya kibinafsi au hospitali ya kanisa. Bili ikiletwa ndipo maswali huanza: nani anafaa kulipa?

Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la vituo vya afya na huduma za afya ya msingi. Hata hivyo, si lazima kila mgonjwa atibiwe katika jengo la serikali. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, huingia mikataba na vituo vya umma, vya kidini na vya kibinafsi. Kituo kinacholipwa kwa pesa za umma kinawajibika kwa umma.

Leseni si mkataba

Wakazi wengi huchanganya mambo haya mawili. Leseni inakiruhusu kituo kutibu wagonjwa. Mkataba na SHA unakiwezesha kulipwa kwa niaba yako. Kliniki inaweza kuwa na leseni halali ilhali haina mkataba. Ukitibiwa hapo, utalipa kutoka mfukoni mwako.

Mfuko upi unalipa?

Katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vyenye mkataba, huduma za msingi hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Unachohitaji ni kuwa umesajiliwa na SHA.

Katika hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6, hasa ukilazwa, hutumika Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii. Hapa usajili pekee hautoshi. Ni lazima michango yako iwe imelipwa. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75. Wasio na mishahara hukadiriwa kulingana na mapato ya familia, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Dharura haingoji malipo

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inazibana hospitali zote, hata za kibinafsi: inayokataa kutoa huduma hiyo ilhali ina uwezo inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3.

Kabla ya kutibiwa, uliza:

1. Je, kituo hiki kina mkataba na SHA? Ni cha ngazi gani?
2. Huduma ninayohitaji inalipiwa yote, au kuna nyongeza? Ni kiasi gani?
3. Nitapata risiti ya kila nilicholipa?

Kisha, usithibitishe kwa simu wala kwa alama ya kidole huduma ambayo hukupewa. Dai la uongo hula pesa za matibabu ya jirani yako, na kesho huenda zikawa zako.

Ikiwa hujajisajili, bonyeza *147# kwenye simu yako au umwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Ukitozwa isivyofaa, hifadhi risiti na uipeleke kwenye ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha lalamiko lako.