Chuma, Mwanzi na Subira: Visima vya Chumvi vya Uchina

Msomaji aliyepita karibu na Kendu Bay, katika nchi ya Homa Bay, bila shaka amepata kuliona ziwa dogo la Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, hayanyweki. Lakini ukingoni hupatikana bala, chumvi ipendwayo na ng'ombe. Hapo chumvi i wazi juu ya ardhi. Kwa Wachina wa jimbo la Sichuan, walio mbali na bahari, haikuwa hivyo: chumvi yao ilifichwa katika maji yaliyo chini ya miamba.

Katika miaka ya 1040 walianza kuchimba matundu membamba kama mdomo wa bakuli. Mtaimbo mzito wenye makali ulifungwa kwa kamba kwenye ncha ya ubao ulioegemezwa kama pembea. Watu walipokanyaga upande wa pili, mtaimbo uliinuka. Waliporuka chini, ulianguka na kuponda mwamba. Mianzi iliyotobolewa iliunganishwa ikawa bomba la kuyazuia maji matamu ya juu. Maji ya chumvi yalitekwa kwa mwanzi mrefu wenye kilango cha ngozi, kifungukacho ukishuka na kujifunga ukipanda.

Kisima kimoja kiliweza kuchukua miaka mingi. Mwaka 1835, mjini Zigong, kisima cha Shenhai kilifika kina cha mita 1,001, bila injini yoyote. Gesi iliyotoka humo iliwashwa ili kuchemshia maji hata chumvi ibaki.

Sisi twajifunza nini? Njia hiyo ya kudondosha chuma ingali ikitumika, kwa mikono au kwa mashine, kuchimba visima vya maji. Yawafaa wakaao mbali na ziwa, huko Homa Bay na Migori. Lakini Simbi Nyaima yatuonya: maji huchukua tabia ya mwamba yanamopita. Mlima Homa ni volkano ya kale, na katika nchi za volkano maji ya chini huweza kuwa na floraidi. Ikizidi miligramu 1.5 katika lita moja, huweza kuharibu meno ya watoto, na ikizidi sana, mifupa pia. Haionekani kwa macho, wala kuchemsha hakuiondoi.

Basi, kabla ya kujengea kisima kipya na kutia pampu, maji yapelekwe kupimwa. Mchina alifurahi alipoonja chumvi. Atafutaye maji ya kunywa asitegemee ulimi wake.