Nyota Zing'aazo Sana, na Jinsi Zinavyopimwa

Usiku usio na mwezi wala mawingu, mtu akitazama juu huona nyota nyingi, nazo hazifanani. Nyingine zang'aa kwa nguvu, nyingine ni hafifu hata jicho lazipata kwa taabu. Mara moyo wahukumu: ile ing'aayo ndiyo kubwa, na ile hafifu ndiyo ndogo. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba jicho peke yake haliwezi kuhukumu jambo hili, na kwamba wenye elimu ya nyota wamefanya kazi ya miaka mingi ili kutenga nyota yenye nuru nyingi kweli na ile ionekanayo hivyo kwa kuwa i karibu tu. Tena tutaona ya kuwa wataalamu wenyewe walidanganywa na mwangaza, wakakaa karibu miaka 40 bila kulijua jambo kubwa lililokuwa mbele ya macho yao.

1. Taa mbili gizani

Tuseme koroboi yawaka barazani petu, na karabai yawaka juu ya kilima kilicho mbali. Mgeni asiyezijua taa hizo aweza kusema kwamba koroboi ndiyo yenye nguvu. Lakini akipanda kilimani ataona kosa lake. Nuru yafuata sheria: umbali ukiwa mara mbili, nuru inayotufikia ni robo tu, ukiwa mara tatu, ni sehemu moja ya tisa, ukiwa mara kumi, ni sehemu moja ya mia. Basi, atakaye kujua nguvu ya taa hana budi kujua kwanza umbali wake.

Ndivyo ilivyo kwa nyota. Zipitazo zote kwa mwangaza usiku ni mbili, Sirius na Canopus. (Zuhura na Mshtarii zazishinda, lakini hizo ni sayari, hazina nuru yao wenyewe, bali zarudisha nuru ya jua.) Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, Sirius na Canopus huonekana vizuri saa tatu za usiku mwezi wa Februari: Sirius juu karibu na utosi, na Canopus upande wa kusini. Waarabu huiita Canopus kwa jina la Suhail.

Jicho lasema kwamba Sirius ndiyo ya kwanza. Lakini Sirius iko umbali wa miaka ya nuru 8.6, na Canopus yapata 310. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, nayo huenda kilomita 300,000 kila sekunde. Tukiupima umbali huo pamoja na mwangaza, twaona kwamba Sirius yatoa nuru kama jua 25 hivi, lakini Canopus yatoa nuru kupita jua 10,000. Kama Canopus ingewekwa mahali pa Sirius, ingeishinda hata Zuhura mara nyingi.

2. Umbali wapimwaje?

Hakuna awezaye kuvuta kamba mpaka kwenye nyota. Lakini jaribuni hivi: nyosheni mkono na kusimamisha kidole mbele ya macho. Fumbeni jicho la kushoto, kisha la kuume. Kidole chaonekana kuruka huku na huku mbele ya ukuta ulio nyuma yake. Kikiwa karibu charuka sana. Kikiwa mbali charuka kidogo. Kwa kuujua mruko huo na nafasi iliyo kati ya macho yetu, umbali waweza kuhesabiwa.

Wataalamu hufanya vivyo hivyo, lakini badala ya macho mawili hutumia mwendo wa dunia kulizunguka jua. Hutazama nyota leo, kisha huitazama tena baada ya miezi sita, dunia ikiwa upande wa pili wa jua, umbali wa kilomita milioni 300 kutoka pale ilipokuwa. Nyota iliyo karibu yaonekana imesogea mbele ya zile za mbali.

Lakini kusogea huko ni kudogo mno. Wa kwanza kutangaza kipimo kilichokubaliwa alikuwa Bwana Friedrich Bessel, mwaka 1838, katika mji wa Königsberg, ambao siku hizi huitwa Kaliningrad. Pembe aliyoipata katika nyota iitwayo 61 Cygni ni kama upana wa sarafu ya sentimita 2 ikitazamwa kutoka kilomita 13. Mwaka uliofuata Bwana Thomas Henderson alitangaza kipimo cha nyota Alpha Centauri, ambayo alikuwa ameipima katika nchi yetu hii ya Afrika, huko Rasi ya Tumaini Jema, miaka ya 1832 na 1833. Katika siku zetu chombo kiitwacho Gaia, kilichorushwa angani na mataifa ya Ulaya mwaka 2013, kilipima nyota karibu milioni elfu 2 kabla ya kumaliza kazi yake mwaka 2025.

3. Kuisoma nuru

Nuru yenyewe nayo ni barua, kwa ajua kuisoma. Ikipitishwa katika kipande cha kioo cha pembe tatu, hutawanyika na kuwa rangi nyingi kama upinde wa mvua. Mwaka 1814 Bwana Joseph Fraunhofer wa Ujerumani aliichunguza sana nuru ya jua kwa njia hiyo, akaona mistari myeusi mamia kati ya rangi. Miaka ya 1859 na 1860 Bwana Kirchhoff na Bwana Bunsen walionyesha maana yake, ya kwamba kila kitu kikiwa mvuke wa moto kina mistari yake mwenyewe, kama vile kila mtu ana alama za vidole vyake. Kwa mistari hiyo twajua nyota imefanywa kwa vitu gani. Mwaka 1925 Bibi Cecilia Payne alionyesha kwamba nyota, zaidi ya yote, ni haidrojeni na heli.

Na rangi nayo yafundisha. Katika tanuri la mhunzi chuma huwa chekundu kwanza, na moto ukizidi huwa cheupe. Hivyo nyota nyekundu ina moto mdogo kuliko nyota nyeupe, na yenye rangi ya samawati yazipita zote kwa moto.

4. Saa iliyofichwa katika nyota

Njia ile ya kidole haifai kwa nyota zilizo mbali mno, maana hazionekani kusogea. Ilipasa kupata njia nyingine, nayo ilipatikana kwa saburi ya mwanamke mmoja.

Bibi Henrietta Leavitt alifanya kazi Marekani katika nyumba ya kutazamia nyota ya chuo cha Harvard. Siku zile wanawake walipewa kazi ya kuhesabu na kuchunguza vioo vya picha kwa ujira mdogo, wala si kuongoza darubini. Vioo alivyovichunguza vilikuwa vimepigwa huko Arequipa, katika nchi ya Peru, navyo vilionyesha Mawingu ya Magellan. Haya ni madoa mawili meupe yanayoonekana upande wa kusini. Sisi nasi twaweza kuyaona mahali penye giza, mwezi wa Desemba na Januari.

Katika mawingu hayo Bibi Leavitt aliona nyota zinazoongezeka mwangaza na kupungua, kisha kuongezeka tena, kwa muda ule ule siku zote, kama pumzi ya mtu alalaye. Nyingine zachukua siku mbili, nyingine majuma mengi. Mwaka 1912 alitangaza habari ya nyota 25 za namna hiyo katika wingu dogo, akaonyesha sheria yake: nyota ichukuayo muda mrefu ndiyo yenye nuru nyingi. Kwa kuwa zote zi katika wingu moja, umbali wake ni karibu sawasawa. Basi tofauti ya mwangaza wake si ya karibu na mbali, bali ni tofauti ya kweli.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyo kubwa. Ni kama kusikia kwamba kila taa ya karabai ina saa ndani yake, na mtu akizihesabu dakika za saa hiyo ajua nguvu ya taa bila kuikaribia. Akiisha kujua nguvu, hulinganisha na mwangaza anaouona, akaupata umbali. Bibi Leavitt alifariki mwaka 1921, kabla ya kuona kazi yake ilivyoifungua mbingu.

5. Wingu la Andromeda

Upande wa kaskazini, mwezi wa Novemba, kuna doa hafifu liitwalo Andromeda. Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 964 kuwa ni kama wingu dogo. Watu wakashindana: je, ni mvuke ulio kati ya nyota zetu, au ni galaksi, yaani jamii nyingine kubwa ya nyota, iliyo mbali na jamii yetu?

Mwezi wa Agosti mwaka 1885 ikatokea nyota mpya ndani ya wingu hilo, karibu kuonekana kwa macho matupu, na baada ya miezi michache ikafifia. Hapo wengi wakafikiri hivi: kama wingu hili liko mbali sana, nyota hii moja imetoa nuru ya mamilioni ya jua, jambo hilo haliwezekani, basi wingu liko karibu. Hoja hiyo ilionekana kuwa na nguvu, hata bado ilikuwa ikitumiwa mwaka 1920, Bwana Harlow Shapley na Bwana Heber Curtis walipojadiliana mjini Washington. Shapley alisema jamii yetu ya nyota ndiyo kuu, na mawingu kama Andromeda si jamii nyingine zilizo sawa nayo. Curtis alisema ziko jamii nyingine nyingi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1923 Bwana Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mlima Wilson huko Kalifornia, yenye kioo cha upana wa mita 2 na nusu, alipiga picha ya Andromeda. Akaona nukta, akaitia alama ya nyota mpya. Baadaye alipoilinganisha na vioo vya zamani, akaifuta alama ile, akaandika kwamba ni nyota ibadilikayo. Ilikuwa ni nyota ya Bibi Leavitt! Muda wake ulikuwa siku 31. Kwa sheria ya mama yule Hubble akahesabu umbali, akapata karibu miaka ya nuru 900,000, nje kabisa ya jamii yetu. Habari hii ilitangazwa mwanzo wa mwaka 1925.

Hata hesabu hiyo ilikuwa pungufu. Mwaka 1952 Bwana Walter Baade alionyesha kwamba nyota zibadilikazo ni za namna mbili, nazo zilikuwa zimechanganywa. Leo umbali wa Andromeda wajulikana kuwa karibu miaka ya nuru milioni 2 na nusu. Na ile nyota ya mwaka 1885? Ilikuwa nyota iliyopasuka, nayo kwa siku chache ilitoa nuru kupita jua milioni elfu moja. Lile walilosema haliwezekani ndilo lililotokea.

6. Nukta hafifu yenye nuru kuu

Twamalizia kwa mfano mmoja wa ajabu. Iko nukta iitwayo 3C 273, ambayo jicho tupu haliioni kamwe. Katika darubini yafanana na nyota hafifu. Lakini ilikuwa ikitoa mawimbi ya redio yenye nguvu. Mwaka 1962 mwezi ulipita mbele yake, na wataalamu wa Parkes, huko Australia, wakiandika saa ile mawimbi yalipokatika na kurudi, waliweza kujua mahali pake barabara. Mwaka 1963 Bwana Maarten Schmidt aliisoma nuru yake huko Marekani. Mistari ilimshangaza, maana haikufanana na ya kitu cho chote. Mwisho alitambua kwamba ni ya haidrojeni, lakini yote imesogezwa upande wa nyekundu kwa sehemu 16 katika mia, kwa sababu kitu chenyewe chaenda mbali nasi kwa mbio kubwa.

Umbali wake wapita miaka ya nuru milioni elfu 2. Kwa kuwa yaonekana ingawa iko mbali hivyo, nuru yake yashinda nuru ya nyota zote za jamii yetu zikijumlishwa, mara nyingi. Nuru hiyo yatoka katika mvuke uzungukao na kuangukia shimo jeusi kubwa katikati ya galaksi, ambao kwa kusuguana huwaka moto mkuu. Basi katika vyote tulivyovitaja, kilicho hafifu machoni petu ndicho chenye nuru kupita vyote.

Kwa hiyo, mtoto wa shule akituuliza ni nyota ipi iliyo kuu, tusifanye haraka kuinyoshea kidole ile ing'aayo. Kwanza tumfundishe kuuliza maswali matatu: Nuru ngapi inatufikia? Imetoka umbali gani? Na rangi zake zasema nini? Asiyeuliza la pili atahukumu vibaya, hata akiwa na darubini kubwa.

Maswali ya kujipima

1. Umbali ukizidi mara nne, nuru yabaki sehemu gani?
2. Kwa nini Canopus yaonekana hafifu kuliko Sirius, na hali ina nuru nyingi zaidi?
3. Kwa nini ilifaa kwamba nyota za Bibi Leavitt zote zi katika wingu moja?
4. Nyota ya mwaka 1885 iliwapotezaje wataalamu?