Linda Ua Wako wa Saiprasi: Mtafute Kidukari Mti Ungali Kijani

Mkulima, ukisimama mlangoni mwa nyumba yako na kutazama mipaka ya shamba lako, huenda utaona ua wa saiprasi, mti ambao wengi wetu huuita mti wa Krismasi. Ua huo huzuia ng'ombe wasiingie katika mahindi, huvunja upepo wa baridi, na hukupa kuni. Kama umepanda pia kipande cha miti hiyo penye mteremko, hizo ni mbao za nyumba na karo ya watoto ya siku zijazo. Mali hii yote yaweza kuharibiwa na mdudu asiyezidi punje ya mtama kwa ukubwa.

Somo letu la mwezi huu ni juu ya mdudu huyo. Jambo kubwa la kushika ni hili: majani yakisha kugeuka rangi ya kahawia, umechelewa. Mdudu hutafutwa mti ungali kijani.

MDUDU HUYU NI NANI?

Ni kidukari wa saiprasi. Wataalamu humwita Cinara cupressivora, jina alilopewa mwaka wa 1999. Ni wa jamii moja na vidukari unaowaona katika sukumawiki na maharagwe, lakini yeye hali mboga. Chakula chake ni saiprasi na miti iliyo ndugu yake, pamoja na mtarakwa, mti wetu wa asili ambao hutupa nguzo ngumu za ua. Urefu wake ni milimita 2 hadi 4. Rangi yake ni kahawia iliyoingia weusi, na mgongoni ana unga unga wa kijivu.

Kidukari huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni nchi zilizo kati ya mashariki ya Ugiriki na kusini mwa Bahari ya Kaspi. Mwaka wa 1986 alionekana Malawi. Mwaka wa 1988 alikuwa Tanzania, na mwaka wa 1990 akaingia Kenya. Baada ya miaka michache tu alikuwa amefika karibu kila mahali panapopandwa saiprasi katika nchi yetu.

Kwa nini alienea upesi hivyo? Saiprasi yetu nayo ni mgeni, ililetwa kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, na wakati ule ilikuwa karibu nusu ya miti yote iliyopandwa kwa ajili ya mbao katika misitu ya serikali. Mdudu alikuta chakula tele, na maadui zake wa kwao hawakuja pamoja naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba miti aliyoiua katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika ilikuwa ya thamani ya zaidi ya dola milioni 40 za Marekani.

JINSI ANAVYOUA MTI

Vidukari hawa hukaa kwa makundi, hasa ndani ya ua penye kivuli, juu ya gamba la matawi membamba. Kila mmoja ana mdomo kama sindano. Huuchoma katika gamba na kunyonya maji ya mti. Kupotewa na maji hayo ni hasara, lakini hasara kubwa zaidi hutokana na mate yake. Mate hayo huingia ndani ya mti na kuua sehemu ile anayonyonya. Tawi hukauka, kwanza upande wa ndani, kisha nje. Mti mchanga, au mti uliokwisha kudhoofika, huweza kufa wote. Mti mkubwa wenye nguvu hupoteza matawi na kukawia kukua, ingawa mara nyingi hupona.

Huku kwetu kidukari huyu hana haja ya dume. Jike huzaa watoto walio hai, nao wote ni majike, na baada ya majuma matatu au manne watoto hao huanza kuzaa. Wakisongamana sana, huzaliwa wengine wanaoota mabawa, na upepo huwachukua mpaka shamba la pili na la tatu. Huzidi wakati wa kiangazi, kwa sababu hakuna mvua kubwa ya kuwaangusha, na mti wenyewe una kiu na hauna nguvu.

HASARA YA KUNGOJA

Tuseme wako wakulima wawili wanaopakana, kila mmoja na ua wake wa saiprasi.

Mkulima wa kwanza hautazami ua wake maadamu ni kijani. Mwezi wa Machi anaona mabaka ya kahawia. Anaazima bomba, ananunua dawa, na kunyunyizia pale palipokauka. Je, amewaua vidukari? Wachache mno. Tawi kavu halina maji ya kunyonywa, na vidukari walikwisha kulihama. Wengine wamo katika matawi ya kijani yanayofuata, ambayo hakuyagusa, na wengine wamekwisha kuruka kwa jirani. Fedha yake imepotea, na wale wadudu wanaotusaidia kula vidukari, ambao tutawataja hapa chini, amewaua.

Mkulima wa pili alianza kukagua ua wake mara mvua ilipokoma. Mwezi wa Januari aliona matawi kadhaa yananata, akawakuta vidukari wakiwa bado wachache, akawaosha kwa maji ya sabuni. Gharama yake ilikuwa sabuni kidogo na kazi ya asubuhi moja. Wakulima hawa hawakupitana kwa mali. Walipitana kwa tarehe ya kuanza kazi.

Lakini mkulima huyu wa pili naye hawezi kustarehe. Ua wa jirani yake ukiachwa, atavamiwa tena. Upepo haujui mpaka wa namba za mashamba yetu. Kwa hiyo kazi hii yafaa izungumzwe katika mkutano wa chama cha ushirika au baraza la kijiji, ili wenye mashamba yanayopakana wakague majuma yale yale.

JINSI YA KUKAGUA

Wakati wa kiangazi kagua ua wako mara moja kila juma. Wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi yatosha. Fanya hivi:

1. Chagua mahali kama kumi katika ua, mahali pengine mwanzoni, pengine katikati, pengine mwishoni. Usitazame karibu na njia peke yake.

2. Penua matawi kwa mikono yako na kutazama ndani. Majani ya nje huweza kuwa mazuri huku ndani mna makundi ya vidukari.

3. Shika matawi. Yakinata, ni kwa sababu vidukari hutoa majimaji matamu kama asali. Juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi.

4. Tazama sisimizi. Ukiona mstari wao ukipanda na kushuka juu ya saiprasi, ufuate. Sisimizi hupenda utamu huo, na mara nyingi watakuongoza mpaka kwenye vidukari.

5. Tandaza kitambaa cheupe au karatasi chini ya tawi, kisha ligonge tawi kwa fimbo. Vidukari wataanguka na utawaona wakitembea.

Watoto wa shule waweza kuifanya kazi hii vizuri sana, kwa maana macho yao ni makali. Waonyeshe mara moja, kisha uwape sehemu yao ya ua.

UKIMKUTA, FANYA NINI?

Kama ni matawi machache, tandaza gunia chini, ukate matawi hayo, na kuyachoma au kuyazika papo hapo. Usiyabebe kupita katikati ya shamba. Usichome moto karibu na ua mkavu wala siku ya upepo.

Kama ni ua mfupi au miche, tumia maji ya sabuni. Tia kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji katika kila lita ya maji. Jaribu kwanza juu ya tawi moja na ungoje siku mbili. Majani yasipoungua, endelea. Nyunyizia asubuhi na mapema au jioni, na maji yafike ndani ya ua, kwa kuwa sabuni humwua kidukari iliyemgusa tu. Baada ya juma moja kagua tena, urudie ikiwa bado wapo.

Kama wamejaa katika ua mrefu, mwite Bwana Shamba au Bwana Msitu kabla ya kununua dawa yo yote ya duka. Atakuambia kama dawa yafaa, na ni ipi iliyoruhusiwa. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya chupa, uvae mavazi ya kujikinga, na uwaweke watoto na mifugo mbali.

Kama ni shamba la miti mirefu ya mbao, kunyunyizia dawa hakufai. Hutafika juu, na gharama itazidi faida. Huko silaha yako ni kutunza miti iwe na nguvu. Ipunguze kwa wakati wake ili isisongane, uondoe iliyokufa na iliyodhoofika, na usipande saiprasi mahali penye maji yanayotuama au udongo mfupi juu ya mwamba.

USIMBEBE WEWE MWENYEWE

Upepo humchukua kidukari, lakini mwanadamu humchukua mbali zaidi. Miche ikitoka katika kitalu chenye vidukari, huwapeleka wilaya nyingine kwa gari katika siku moja. Kwa hiyo, kabla ya kununua miche, ipenue na kuitazama mmoja mmoja. Mche unaonata au wenye majani ya kahawia usiununue, hata ukipewa kwa bei ya chini.

Mwezi wa Desemba matawi mengi ya saiprasi hukatwa na kupelekwa mijini kwa mapambo ya Krismasi, na wengine huyatumia kupamba harusi. Ndio mwezi ambao katika sehemu nyingi za milimani mvua inakoma na vidukari wanaanza kuzidi. Ukiuza matawi, uza yaliyokaguliwa. Ukinunua, usiyatupe kando ya ua wako sikukuu ikisha. Yachome au yazike. Tena usilete miche kutoka nchi nyingine bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Kidukari huyu alivuka mipaka mingi kabla ya kufika kwetu, na wako wadudu wengine ambao hawajafika bado.

WAJUE WANAOKUSAIDIA

Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta kutoka Ulaya nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia juniperorum, wakamwachilia katika nchi zilizopatwa, Kenya ikiwa mojawapo. Nyigu huyu hamwumi mtu wala mnyama. Jike lake hutaga yai ndani ya kidukari, na mtoto wake hukua humo akimla. Kidukari hufa na kubaki kama ganda lililovimba, na nyigu mpya hutoka kwa tundu dogo la mviringo. Tangu wakati huo nyigu huyu amefanya kazi bila mshahara.

Basi ukikuta maganda kama hayo yameshikamana na tawi, furahi, na uliache tawi hilo mahali pake. Pia waache wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu au wa manjano na madoa meusi, kwa sababu wao na watoto wao hula vidukari. Anayenyunyizia dawa kali ovyo huwaua hawa pamoja na adui, na vidukari wachache waliobaki huzaana bila kuzuiwa.

UKIPANDA TENA, CHANGANYA

Penye mwanya katika ua, usingojee tawi lililokauka lichipue. Saiprasi ikikatwa mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, haitoi machipukizi mapya mahali hapo. Ng'oa kilichokufa, upande kitu kingine. Mchongoma hufanya ua imara wenye miiba, na kidukari huyu haugusi. Kwa kuni na mbao, panda grevilea, podo, au miti mingine ambayo Bwana Msitu atakuambia inastawi katika sehemu yenu. Saiprasi si lazima uiache kabisa, ila usiifanye kuwa mti wako peke yake. Shamba lenye miti ya namna nne, likipatwa na mdudu wa namna moja, bado lina miti ya namna tatu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Soma maswali haya pamoja na jamaa yako, mjibu bila kutazama juu:

1. Kwa nini kunyunyizia dawa juu ya matawi yaliyokwisha kukauka ni kupoteza fedha?
2. Taja dalili tatu za kidukari ambazo huonekana mti ungali kijani.
3. Kidukari huzidi majira gani, na kwa nini?
4. Utafanya nini ukikuta maganda yaliyovimba yenye matundu?
5. Ni wakulima gani wanaopakana nawe, nanyi mtakagua nyua zenu siku gani?

Swali la tano halijibiwi kwa kalamu. Nenda kwa jirani yako, mchague siku, na siku hiyo mchukue kitambaa cheupe na fimbo.