Maumivu ya hedhi: dawa iko kwenye kabati gani?

Duka langu la dawa liko Manyatta, mjini Kisumu, si mbali na Kondele. Kwa miaka miwili nilimuuzia msichana mmoja Ponstan kila mwezi, vidonge vinne au sita, kadiri ya pesa aliyoshika. Siku moja alifika ameinama, ameuma pindo la leso, akaegemea kaunta asiweze kutamka anachotaka. Ndipo nilipomuuliza kwa mara ya kwanza maumivu yake yalianza lini. Yalianza akiwa darasa la saba. Tangu siku hiyo kila anayekuja kutafuta dawa ya hedhi namuuliza, naye huniuliza yake. Haya hapa ndiyo maswali yanayorudi mara nyingi.

Daktari, si kila mwanamke huumwa siku zake? Nitajuaje yangu ni endometriosi?

Maumivu ya kawaida hutulia kwa dawa ya kawaida, nawe ukaenda sokoni au shuleni. Endometriosi ni tishu inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba, ila imeota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wenyewe, kwenye utumbo au kibofu, na kwa wachache hata kifuani. Homoni za kila mwezi huisisimua, ikavimba na kuacha makovu. Kwa hiyo mimi huuliza: maumivu hutangulia damu kwa siku mbili tatu? Unaumia ukienda haja kubwa siku hizo? Tendo la ndoa je? Umetafuta mimba ikakawia? Majibu ya ndiyo yakizidi, simuuzii tu vidonge nikamwacha aende.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hali hii humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, yaani kama milioni 190. Pwani na Tanzania wengi husema chango, na ndani ya neno hilo moja yamejificha magonjwa kadhaa. Hapa Kenya wengi walilisikia jina la endometriosi kupitia Jahmby Koikai, mtangazaji wa reggae. Yake ilifika kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa, akasafiri hadi Atlanta kufanyiwa upasuaji. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024. Ugonjwa wake ulikuwa wa aina adimu na nzito. Usiufanye utabiri wako.

Nimepigwa skani, wakaniambia hakuna kitu.

Skani ya kawaida huonyesha uvimbe kwenye ovari. Vijidoa vidogo vilivyotawanyika mara nyingi haivioni, kwa hiyo skani safi haikufanyi mwongo. Zamani ilisemwa lazima laparoskopi, yaani kuchungulia tumboni kwa kamera, ndipo tiba ianze. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 unakubali tiba ianze kwa dalili tu. Kwa mtu wa Manyatta hilo ni jambo kubwa, maana foleni ya upasuaji ni ndefu na gharama yake nzito.

Nimesikia dawa zake ni za matajiri. Ni kweli?

Baadhi, ndiyo. Dienojesti, kidonge kinachotajwa sana mtandaoni, hula maelfu ya shilingi kwa mwezi. Sindano za kulaza ovari kwa muda, kama Zoladex, ni ghali zaidi. Moja tu yaweza kumeza kodi ya chumba ya miezi kadhaa.

Lakini dada, hizo sizo dawa za kuanzia. Za kuanzia ni ibuprofen au Ponstan, zikitangulia siku moja kabla ya maumivu, baada ya kula, wala si wakati umeshalala sakafuni. Mwenye vidonda vya tumbo aniambie kwanza. Pamoja nazo ni homoni: vidonge kama Microgynon, sindano ya Depo, kitanzi chenye homoni. Na hizi ziko wapi? Ziko zahanati ya serikali, kwenye kabati ya uzazi wa mpango, ambako hutolewa bure zinapokuwepo. Ile sindano ndogo ya chini ya ngozi, ambayo mwanamke anaweza kujidunga mwenyewe, ina miligramu 104 za medroksiprogesteroni. Dozi hiyo hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kutuliza maumivu ya endometriosi. Kwetu hutajwa kwa kazi moja tu, kuzuia mimba.

Hapo ndipo ninapoumia. Msichana wa miaka 18 niliyemwandikia barua aende zahanati fulani aliulizwa, "Una mume?" Akarudi kwangu na barua yake imekunjwa mara nne, akaomba Ponstan. Na madhara hayaishii kwenye aibu. Dawa huagizwa kwa hesabu ya wanaopanga uzazi. Anayeitumia kwa maumivu hayumo kwenye hesabu hiyo. Shehena ya wafadhili ikichelewa, na tangu Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025 wasiwasi huo umezidi, hakuna anayejua ni wangapi wamerudi kulala sakafuni. Ningependa kuona kwenye daftari la kila zahanati safu moja zaidi: sababu ya dawa. Kalamu na rula zinatosha.

Mama amekataa. Anasema nikitumia dawa za kupanga nitakuwa tasa.

Mwambie mama aje, tuzungumze naye kwa heshima. Homoni hizi hazimfanyi mtu tasa. Kweli, baada ya kuacha Depo hedhi na uwezo wa kushika mimba huweza kukawia miezi kadhaa, na matumizi ya muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa kwa kiasi. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Hayo tutayapima. Lakini mama ajue kwamba endometriosi yenyewe ndiyo yaweza kuzuia mimba.

Dani, yaani nyanya yangu, huninunulia manyasi, dawa za miti shamba, sokoni Kibuye. Niache?

Siwezi kukuambia uache kitu nisichokijua, na shida yangu ni hiyo hasa: sikijui. Katika Dholuo mti na dawa ni neno moja, *yath*, na wazee hawakukosea. Ila fungu la mizizi lililofungwa kwa kamba halina jina. Muuzaji akisema ogaka, najua ni Aloe, lakini Kenya ina Aloe za aina nyingi. Utomvu wake mchungu huharisha na kusokota tumbo. Mwenye endometriosi kwenye utumbo atateseka mara mbili.

Ndiyo maana nawaheshimu wanaoorodhesha mimea. Prof. John Kokwaro alichapisha kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, kisha mwaka 1998, pamoja na Timothy Johns, akatoa kamusi ya Kijaluo ya viumbe, ambamo jina la nyumbani hukutana na jina la kisayansi. Orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa 1952 ikakamilika 2012, na spishi zaidi ya 12,000. Nyuma ya orodha hiyo ni matawi yaliyokaushwa na kubanwa ndani ya magazeti, kila moja na kikaratasi: limechumwa wapi, lini, na nani.

Orodha haisemi mti unaponya. Hukuwezesha kuanza kuuliza. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, aliona picha ya kiazi kikuu mwitu kwenye kitabu cha mimea, akaenda kukichimba Veracruz, Mexico, akapata ndani yake malighafi ya homoni. Mwaka 1951, katika maabara ya Syntex jijini Mexico, ikatengenezwa norethisteroni, ambayo leo ninayo rafuni kwa jina la Primolut na madaktari huiandika kwa endometriosi. Kwa hiyo mwambie dani alete tawi lenye majani na ua, siyo mzizi mtupu. Na ukianza vidonge, usichanganye hadi tujue.

Homoni zitaniponya kabisa?

Hapana. Hutuliza tu; ukiacha, maumivu huweza kurudi. Na anayetafuta mimba sasa hazimfai, yeye aende kwa daktari wa wanawake. Hapa karibu ni Russia, kama tunavyoiita Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hujaumwa.

Nikifika zahanati niseme nini, nisije nikafukuzwa?

Chukua daftari la shule. Kwa miezi mitatu andika tarehe damu ilipoanza, maumivu kwa alama kutoka sifuri hadi kumi, dawa uliyomeza, na siku ulizokosa kazi au shule. Ukifika usianze na neno sindano. Sema: "Sista, nina maumivu ya hedhi yanayonilaza, nimeyaandika humu. Naomba tiba ya maumivu." Mpe daftari mkononi, alisome. Akikuuliza kama una mume, mwonyeshe tena ukurasa wa siku ulizolala. Akikataa, njoo na daftari lako, tufunge duka kwa nusu saa twende pamoja.