Trekta Haiwaki? Kagua Vichwa vya Betri Kwanza

Mvua zikikaribia napigiwa sana simu: "Afisa, trekta haiwaki, ninunue betri mpya?" Subiri kwanza, usitoe hela.

Pima betri ya volti 12 ikiwa imepumzika. Ikisoma karibu 12.6, ina chaji. Sasa weka gia huru, gusisha waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha betri na mwingine kwenye klampu yake, mwenzako apige stata. Mita isome karibu na sifuri. Ikifika nusu volti, umeme unapotea hapo kwenye kiungo. Rudia upande wa pili.

Zima swichi. Fungua hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi isipige shoti, ndipo ufungue chanya. Sugua kwa msasa mpaka pang'ae, funga chanya, malizia na hasi, kaza, paka grisi kwa juu. Waya ulioliwa na kutu ukate mpaka ufike shaba safi, kisha ubane klampu mpya. Kuzungushia selotepu tu si kutengeneza.

Viungo vikiwa safi na stata bado inazunguka kivivu, hapo mpe fundi apime betri yenyewe na stata. Fanya leo, mvua haisubiri.